Rudolf Diesel na Mafuta ya Karanga: Injini Ilikubali, Serikali Ikaishia Njiani

Ukipita kwenye kituo chochote cha mafuta hapa nchini utakuta maneno matatu ubaoni: petroli, dizeli, mafuta ya taa. Petroli na mafuta ya taa ni majina ya vitu. Dizeli ni jina la mtu. Alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Ufaransa, mume wa mtu na baba wa watoto watatu. Aliugua akakosa mtihani wa mwisho wa chuo, baadaye akatajirika kweli kweli, akafilisika, na mwisho akafia baharini usiku.

Nimeamua kuandika maisha yake kwa sababu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikishatangaza bei kikomo, mjadala wa nishati mbadala unawaka upya kwenye vimbweta vyetu. Na hakosekani mtu wa kusema kwamba Diesel aliunda injini yake itumie mafuta ya karanga, matajiri wa mafuta wakaona wataharibikiwa, wakammaliza. Kisa kitamu. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa yake haina ushahidi, na ile sehemu yenye ushahidi inatufundisha jambo jingine kabisa kuhusu kazi ya serikali. Hilo ndilo nataka tulione.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kutengeneza bidhaa za ngozi. Maisha yalikuwa ya kubangaiza, na mtoto alisaidia kazi za karakana tangu mdogo. Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Wajerumani. Ghafla familia ya akina Diesel ikawa familia ya adui. Walilazimika kuondoka Paris, wakakimbilia London. Huko nako hali ilikuwa ngumu, hivyo Rudolf akiwa na miaka 12 akapelekwa Augsburg, Ujerumani, kuishi na ndugu wa familia yao aliyekuwa mwalimu wa hisabati.

Wenzangu wa Elimu mtaifurahia hii: mtoto wa fundi wa ngozi aliangukia nyumba ya mwalimu, na mwalimu akamwelekeza kwenye shule ya ufundi. Alipofika miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi. Mwaka 1875 akapata ufadhili wa kusoma chuo cha ufundi cha Munich. Tuseme alipata bumu, tena kwa kufaulu.

Munich alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kugandisha barafu. Siku moja darasani Linde alieleza kuhusu injini ya mvuke, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha viwanda, treni na meli nyingi za wakati ule. Alionyesha kwamba injini hiyo inageuza sehemu ndogo tu ya joto la makaa kuwa kazi, kama asilimia 10 au chini ya hapo. Yaani ukichoma magunia kumi ya makaa, tisa yanapotea hewani. Wanafunzi wengine walinakili wakaenda kula. Diesel alibaki na swali hilo maisha yake yote: je, inawezekana kuunda injini isiyopoteza kiasi hicho?

Mwaka 1879 alitakiwa kumaliza chuo, lakini homa ya matumbo ikamwangusha, mtihani ukampita. Alisubiri, akaenda kufanya kazi kwa vitendo Uswisi, na Januari 1880 akarudi kufanya mtihani akiwa peke yake. Alipasua kwa alama za juu sana. Kwa hiyo wewe uliyeahirisha mtihani kwa ugonjwa, usijione umechelewa duniani.

Alianza kazi Paris kwenye kampuni ya Linde ya mitambo ya barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche. Mchana alikuwa mwajiriwa, na muda uliobaki alikuwa akijaribu injini yake. Kwanza alijaribu kutumia mvuke wa amonia, mtambo ukalipuka na nusura afe. Alilazwa hospitali kwa muda mrefu. Aliporudi, alibadilisha wazo.

Wazo jipya lilikuwa hili. Ukipiga pampu ya baiskeli kwa nguvu, utasikia chini inapata joto. Hewa ikibanwa inapata joto, na ikibanwa sana inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha kitu. Diesel akaona kwamba akiibana hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto mkali, kisha akanyunyizia mafuta, yatawaka yenyewe bila plagi wala cheche. Mwaka 1892 aliomba hataza ya wazo hilo, na mwaka 1893 akaipata na kuchapisha kitabu cha kueleza hesabu zake. Kampuni ya mitambo ya Augsburg na kampuni ya Krupp zikakubali kumpa fedha na karakana.

Tarehe 10 Agosti 1893 mtambo wa kwanza ulijaribiwa Augsburg. Mafuta yaliwaka, shinikizo likapanda kuliko ilivyotarajiwa, kipimo kikapasuka vipande. Injini haikuweza kujiendesha yenyewe, lakini wazo lilithibitika. Siku hizi tarehe hiyo inaadhimishwa sehemu mbalimbali kama siku ya mafuta ya mimea, na watu wanaandika mitandaoni kwamba siku hiyo injini iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Si kweli. Mafuta yaliyotumika yalitokana na petroli ya ardhini. Karanga zilikuja baadaye, tena zililetwa na mtu mwingine kabisa.

Ilichukua zaidi ya miaka mitatu mingine ya kuvunja na kuunda upya. Tarehe 17 Februari 1897 profesa Moritz Schröter kutoka Munich alikuja kupima injini mbele ya mashahidi. Matokeo yalikuwa asilimia 26.2 ya joto kugeuka kazi. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya injini ya mvuke aliyosimuliwa darasani. Kampuni za nchi nyingi zikapiga hodi kununua haki za kuitengeneza. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa marki milioni 1 kwa ajili ya soko la kule. Mtoto wa karakana ya ngozi akawa milionea kabla hajafika miaka 40.

Sasa tufike kwenye karanga. Mwaka 1900 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Injini ya Diesel ilipata tuzo ya juu kabisa. Pale pale uwanjani kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya aina ya Diesel iliyokuwa ikinguruma kwa mafuta ya karanga. Iliundwa kwa ajili ya mafuta ya ardhini, lakini ilipowekewa mafuta ya karanga ilikubali bila kubadilishwa chochote. Ilifanya kazi vizuri mpaka wageni wengi wakapita bila kugundua.

Nani aliomba jaribio hilo? Serikali ya Ufaransa. Diesel mwenyewe alilieleza jambo hili miaka kadhaa baadaye, na hakujitwalia sifa ya wazo. Serikali ile ilikuwa inatazama makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zililimwa kwa wingi, hasa Senegal. Kupeleka makaa ya mawe na mafuta kutoka Ulaya mpaka kule kulikuwa na gharama kubwa. Wakawaza kwamba kama injini inakubali karanga, basi koloni litajiendeshea mitambo yake kwa zao lake lenyewe.

Tulitazame hili kwa macho mawili. Jicho la kwanza linaona wazo zuri sana: nchi isiyochimba mafuta kupata nishati kutoka shambani kwake. Jicho la pili linaona kwamba mkulima wa Senegal hakuwa mezani. Hakuna aliyemuuliza kama anataka karanga zake ziingie kwenye silinda au kwenye chungu, wala angelipwa kiasi gani. Mambo haya mawili yamekuwa yakifuatana kwenye historia ya mafuta mbadala mpaka leo.

Diesel alilipenda wazo hilo. Aliendelea na majaribio na kuthibitisha matokeo, akafuatilia pia majaribio ya mafuta ya nyonyo na ya wanyama yaliyofanyika Petersburg, Urusi. Mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alieleza kwamba mafuta ya mimea yanaonekana madogo kwa wakati ule, ila huko mbele yanaweza kuja kuwa muhimu kama mafuta ya ardhini, maana jua litaendelea kuwaka na mimea itaendelea kuota hata pale visima vitakapokauka. Kwa mtu wa mwaka 1912 hayo ni maono makubwa.

Lakini serikali iliyoomba jaribio haikuendelea nalo. Haikuweka bei kwa mkulima, haikuagiza injini za kutosha, haikuahidi kununua mafuta yenyewe. Ilitosheka kuona inawezekana. Wakati huo huo mafuta ya ardhini yakawa rahisi na kupatikana kila bandari. Watengenezaji wakaanza kuunda pampu na vinyunyizio vinavyofaa mafuta hayo mepesi. Mafuta ya mimea ni mazito, na kadiri injini zilivyozidi kuwa ndogo na za kasi ndivyo yalivyozidi kuzisumbua. Kwa hiyo mlango uliokuwa wazi mwaka 1900 ulijifunga polepole, bila njama ya mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyeweka mguu kuuzuia.

Turudi kwa mwenyewe. Mafanikio hayakumpa Diesel raha. Kesi za hataza zilimchosha, akaugua kwa uchovu wa akili mpaka kulazwa. Alijenga jumba Munich na kuweka fedha nyingi kwenye viwanja na biashara zilizomlia hela. Kilichomuuma zaidi ni matumizi ya injini yenyewe. Alikuwa ameiwazia kama mkombozi wa fundi mdogo, ili mwenye karakana kama baba yake aweze kushindana na kiwanda kikubwa. Badala yake ikaingia kwenye viwanda vikubwa, kwenye meli na kwenye nyambizi za kivita. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kiitwacho Solidarismus, akipendekeza wafanyakazi wachange senti kidogo kidogo kwenye mfuko wa pamoja na kumiliki kazi zao. Sisi tungekiita kitabu cha ushirika. Watu wachache sana walikinunua.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden pale Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kwenye shughuli za kampuni ya injini zake. Alikula chakula cha usiku na wenzake, akaenda chumbani. Asubuhi hakuwepo. Kitanda hakikulaliwa. Siku kumi hivi baadaye meli nyingine iliuona mwili baharini. Mabaharia walichukua vitu vidogo mifukoni, mwili wakaurudisha majini, na mwanawe akavitambua vile vitu. Alikuwa na miaka 55. Hesabu zake zilipofunguliwa ilionekana kwamba alikuwa na madeni makubwa. Wengi walioandika maisha yake wanaona alijiua. Habari za kuuawa na matajiri wa mafuta au na majasusi zilianza magazetini mara tu alipotoweka, na hakuna aliyewahi kuzithibitisha.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu ukiamini kwamba mafuta ya karanga yalikufa kwa sababu muuaji alimsukuma mtu baharini, basi hakuna cha kufanya zaidi ya kulaumu mabepari. Ukijua kwamba yalikufa kwa sababu serikali ilijaribu mara moja kisha ikatulia, unaanza kuuliza maswali yenye majibu.

Historia iliyofuata imeyajibu baadhi. Mwaka 1937 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipata hataza ya kuyafanya mafuta ya mimea yawe mepesi kwa kuyachanganya na alkoholi. Alitumia mafuta ya mawese, na mawese ya Ubelgiji wakati ule yalitoka Kongo. Mwaka 1938 basi la abiria lilisafiri kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Yalikuwa ndiyo baiodizeli tunayoijua leo. Teknolojia ilikuwepo. Likabaki basi la majaribio.

Brazili ilienda mbali zaidi. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, serikali ilianzisha mwaka 1975 mpango wa Proálcool wa kutengeneza alkoholi ya miwa kwa ajili ya magari. Haikuishia kwenye maonyesho. Ililazimisha alkoholi ichanganywe kwenye petroli, ikatoa mikopo kwa viwanda, ikahakikisha mnunuzi na bei. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 karibu magari yote mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya alkoholi. Kisha bei ya mafuta ya ardhini ikashuka, ya sukari ikapanda, serikali ikapunguza mkono, na mwaka 1989 alkoholi ikaadimika vituoni. Watu waliokuwa na magari yasiyojua mafuta mengine wakabaki wanashangaa. Imani ilirudi mwaka 2003, yalipoingia sokoni magari yanayokubali petroli na alkoholi kwa mchanganyiko wowote. Somo lake ni kwamba mwananchi hapaswi kubebeshwa peke yake hatari ya sera kubadilika.

Hata Ujerumani, nyumbani kwa akina Diesel, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Baiodizeli halisi iliachiwa kodi, vituo vikaenea, wenye malori wakahamia huko. Kuanzia Agosti 2006 kodi ikaanza kuwekwa na kupandishwa hatua kwa hatua, na soko la baiodizeli halisi likaanguka. Injini zilikuwa zile zile, mafuta yale yale. Kilichobadilika ni sheria.

Na sisi? Karanga na serikali tunazifahamu kutoka somo la Historia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa ajili ya mafuta ya kula ya Waingereza. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36, kwa sababu walileta matrekta kabla ya kuijua ardhi na mvua. Miaka ya 2000 ikaja zamu ya mbono kaburi. Wawekezaji walikuja na ahadi za dizeli ya mimea na ajira, vijiji vikaachia ardhi, baadhi ya miradi ikafa mapema na wanavijiji wakabaki hawana ardhi wala kazi. Miongozo ya serikali kuhusu mafuta ya mimea ilitoka mwaka 2010, wakati ardhi nyingine ilishaondoka. Kwa hiyo fedha nyingi peke yake si msaada, na kumkaribisha mwekezaji bila sheria nako si msaada.

Leo mjadala umehamia kwenye gesi na umeme. Gesi ya Songosongo inafika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na bajaji na teksi zinazotumia gesi tunazipanda kila siku. Muulize dereva yeyote, atakwambia gesi inamlipa, kinachomtesa ni gharama ya kubadilisha mfumo na foleni ya kujaza. Injini imekubali, kama ilivyokubali ile ya Paris. Kilichobaki ni kazi ya serikali, na kazi hiyo ndiyo tunayopaswa kuipima.

Bajeti inasomwa kila mwaka kabla ya Julai, na hotuba ya Wizara ya Nishati inapatikana kwa yeyote anayetaka kuisoma. Ninashauri tuisome tukiwa na maswali matatu. Kwanza, msaada uliotangazwa ni wa muda gani, na dereva aliyekopa kubadilisha mfumo atalindwaje sera ikigeuka katikati? Pili, vituo vinajengwa wapi, mjini tu au mpaka Kongwa na Nachingwea? Tatu, kama nishati inatoka shambani au chini ya ardhi ya mtu, yule mtu alikaa mezani wakati wa kupanga? Serikali ya Ufaransa mwaka 1900 haikuwa na jibu hata kwa moja. Diesel alikuwa na injini nzuri, ila maswali haya hayakuwa ya mhandisi kuyajibu, na hata leo si ya wahandisi peke yao. Ni yetu pia, tukiwemo sisi wa Elimu ambao miaka michache ijayo tutasimama mbele ya darasa na kuulizwa na mwanafunzi kwa nini kituo cha mafuta kina jina la mtu.